Jagadish Chandra Bose: Msomi aliyesokota mawimbi kwa nyuzi za gunia

NYUZI za juti, zile zilizofumiwa magunia ya pamba na mahindi katika Nyanza kabla ya mifuko ya nailoni kuenea, ndizo zilizomwezesha msomi mmoja wa Bara Hindi mwaka 1898 kuonyesha kwamba umbo la kitu, na wala si asili yake tu, huweza kuamua mwendo wa wimbi linalokipenya.

Msomi huyo alikuwa Jagadish Chandra Bose, mzaliwa wa Bengali aliyefariki 1937. Leo hii wataalamu wanaopitisha chembe moja moja ya mwanga katika vijia vyembamba vilivyochongwa ndani ya chipu humhesabu miongoni mwa wazee wa fani yao, ijapokuwa maisha yake yalikoma kabla fani yenyewe haijazaliwa.

Jina lake halitajwi sana katika mwambao wa Ziwa Victoria. Hata hivyo, mkazi wa Katito, kituo cha biashara cha Nyakach ambapo barabara ya Kendu Bay na Homa Bay hujitenga na ile inayoelekea Sondu na Kisii, anapopiga simu hadi Kisumu mjini, sauti yake huanza safari kwa mawimbi ya redio. Pembe na sahani zinazotumiwa duniani kuyanasa na kuyaelekeza mawimbi mafupi ya aina hiyo zina ukoo na vifaa ambavyo Bose aliviunda kwa mikono, akisaidiwa na fundi wa mabati, zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Maisha yake ni kisa cha ushindi, lakini vilevile ni kisa cha wazo lililozaliwa mahali pasipokuwa na mtu wa kulipokea.

RAFIKI WA MWANA WA MVUVI

Bose alizaliwa Novemba 30, 1858, katika Mymensingh, sehemu ya Bengali ambayo sasa imo nchini Bangladesh. Babake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa ofisa katika serikali ya kikoloni ya Uingereza, na kwa desturi za wakati huo ilitarajiwa ampeleke mwanawe moja kwa moja katika shule ya Kiingereza, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa ngazi ya kupandia vyeo.

Mzee huyo aliamua kinyume. Aliamini kwamba mtoto sharti aijue kwanza lugha ya mama yake, na awajue watu wake, kabla ya kufunzwa lugha ya watawala. Alimwandikisha katika shule ya Kibengali mjini Faridpur, ambako upande mmoja wa Jagadish aliketi mwana wa tarishi Mwislamu wa babake, na upande wa pili mwana wa mvuvi.

Kutoka kwa wenzake hao alisikia habari za ndege, wanyama na viumbe wa majini, na baadaye maishani alikiri kwamba hamu yake ya kuchunguza maumbile ilianzia hapo. Walipofika nyumbani, mamake aliwaandalia wote chakula pamoja bila kujali tabaka wala dini, jambo ambalo katika jamii yake halikuwa la kawaida.

Mwaka 1869 alihamishiwa Calcutta, mji ambao sasa huitwa Kolkata, akajiunga na shule ya Mtakatifu Xavier na kisha chuo cha jina hilo. Hapo alifundishwa fizikia na Padri Eugène Lafont, kasisi Mjesuti aliyesifika kwa kufundisha kwa majaribio ya wazi badala ya kukaririsha wanafunzi.

Mnamo 1880 alisafiri kwenda Uingereza kusomea udaktari jijini London. Homa aliyokuwa nayo ilizidishwa na harufu ya chumba cha kupasulia maiti, akalazimika kuacha masomo hayo. Alihamia Chuo cha Christ's, Cambridge, mwaka 1882, akasoma sayansi na kuhitimu 1884. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Lord Rayleigh, bingwa wa nadharia ya mawimbi, ambaye angekuwa mlezi wake wa kitaaluma kwa miaka mingi.

MSHAHARA ALIOUKATAA

Aliporejea Calcutta 1885, aliajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, kwa pendekezo la Lord Ripon aliyekuwa mtawala mkuu wa Uingereza katika Bara Hindi. Baadhi ya wakuu wa elimu walipinga uteuzi huo, wakishikilia kwamba Mhindi hakuwa na akili ya kufundisha sayansi halisi.

Ubaguzi ulijionyesha bayana katika malipo. Profesa Mhindi alilipwa theluthi mbili za mshahara wa Mzungu wa cheo hicho hicho, na kwa kuwa Bose alikuwa kaimu, alikatwa nusu ya hizo pia. Hivyo alibakiwa na theluthi moja tu.

Bose hakugoma wala hakuacha kazi. Alichofanya ni kufundisha kila siku, na kila mwezi kuikataa hundi ya mshahara. Aliendelea hivyo kwa muda wa miaka mitatu, ilhali babake alikuwa amelemewa na madeni yaliyotokana na miradi aliyoianzisha ili kuwainua wananchi kiuchumi. Katika kipindi hicho, mwaka 1887, alimwoa Abala Das, ambaye alishiriki naye dhiki hiyo.

Hatimaye wakuu walisalimu amri. Alithibitishwa kazini na kulipwa mshahara kamili pamoja na malimbikizo yote ya miaka hiyo, naye akazitumia fedha hizo kulipa madeni ya babake.

Haki ya mshahara haikuandamana na haki ya utafiti. Chuo hakikuwa na maabara ya kufanyia uchunguzi wa maana, na kazi ya kufundisha ilimeza saa zake nyingi. Alijipatia chumba kidogo chenye eneo la futi za mraba 24 hivi, akamfunza fundi wa mabati ambaye hakuwa na elimu ya sayansi, na kwa fedha zake mwenyewe akaanza kuunda vifaa. Novemba 30, 1894, alipotimiza umri wa miaka 36, aliweka nadhiri ya kuutoa uhai wake kwa utafiti.

MAWIMBI YA MILIMITA 5

Miaka sita awali, mwaka 1888, Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amethibitisha kwamba yako mawimbi ya umeme yasiyoonekana yanayosafiri hewani kwa mwendo wa mwanga. Hertz alitumia mawimbi marefu, yenye makumi ya sentimita na zaidi. Kwa sababu hiyo vifaa vyake vilikuwa vikubwa mno. Mche wa lami aliouunda ili kuyapinda mawimbi hayo ulikuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani.

Bose aling'amua kwamba kama mawimbi yangefupishwa, maabara nzima ingeweza kutoshea juu ya meza. Alitengeneza mtambo mdogo uliotoa cheche kati ya vipande vya metali, akapata mawimbi yenye urefu wa milimita 5 hivi. Kwa lugha ya leo hayo ni masafa ya gigahetsi 60, na yamo katika kundi la mawimbi ya milimita yanayotumiwa na rada za magari na mitambo mipya ya mawasiliano.

Ili kuyaelekeza, aliyapitisha katika mirija ya metali iliyo wazi upande mmoja, na kuyakusanya kwa faneli ya pembe nne. Mirija hiyo ndiyo miongozo ya mawimbi ya leo katika hali yake ya awali, na faneli hiyo ndiyo mama wa pembe zinazokaa mbele ya sahani za mawasiliano. Ilisadifu kwamba mwaka 1897 mwalimu wake wa zamani, Lord Rayleigh, alichapisha nadharia ya hisabati inayoeleza jinsi mawimbi ya umeme yanavyopita ndani ya mirija.

Mnamo 1895 Bose aliwaonyesha watu wa Calcutta hadharani kwamba mawimbi yake yangeweza kupenya kuta, kulia kengele na kulipua baruti katika chumba kingine. Mwaka huo huo Rayleigh aliwasilisha kazi yake mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London, na mwaka 1896 Chuo Kikuu cha London kikamtunuku shahada ya uzamifu.

Katika mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Liverpool 1896, miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Lord Kelvin, mwanafizikia aliyeheshimika kuliko wote nchini humo wakati huo. Januari 29, 1897, Bose alihutubu katika Taasisi ya Kifalme jijini London akiwa na vifaa vyake vyote mezani.

KAMBA, UA NA RATIBA YA TRENI

Ili kuelewa jambo ambalo linawavuta wataalamu wa leo kwa Bose, na tufikirie kamba iliyofungwa mtini na kupitishwa katikati ya ua wa fito zilizosimama wima. Ukiitikisa kamba juu na chini, wimbi hupita katika nafasi kati ya fito. Ukiitikisa kushoto na kulia, fito hulizuia. Mwanga na mawimbi ya redio nayo hutetemeka kwa upande maalumu, na upo uwezekano wa kuyachuja kwa ua wa namna hiyo.

Bose aliunda ua wake kwa vitu vilivyokuwa karibu. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha ratiba ya treni za Uingereza, ambacho alitia karatasi nyembamba za bati baina ya kurasa zake. Wimbi lililotetemeka kwa upande mmoja lilipita kitabuni, na lile la upande mwingine likazuiwa.

Ndipo alipogeukia juti, zao kuu la Bengali. Magunia ya zao hilo yalisambaa katika bandari za Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki, na neno lenyewe gunia lina asili ya Bara Hindi. Alichukua mafungu ya nyuzi za juti, akayasokota kama kamba, mengine kuelekea kulia na mengine kuelekea kushoto, kisha akayaweka katika njia ya mawimbi.

Wimbi lilipotoka upande wa pili, upande wake wa kutetemeka ulikuwa umegeuka. Mafungu yaliyosokotwa kulia yaliugeuza upande mmoja, na yale ya kushoto yakaugeuza upande wa pili. Juti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika kilikuwa mkono wa msokotaji.

Wanakemia walikuwa wamefahamu tangu zamani kwamba maji ya sukari hugeuza mwanga kwa namna hiyo, na waliamini sababu yake ni umbo la molekuli za sukari, ambazo ni ndogo mno kuonekana. Bose aliwapa mfano mkubwa wa kushikika mkononi. Makala yake kuhusu jambo hilo yalichapishwa na Jumuiya ya Kifalme mwaka 1898.

Leo hii vitu ambavyo sifa zake kwa mwanga hutokana na mpangilio wa maumbo yaliyotengenezwa na binadamu, badala ya kemia yake pekee, ni uwanja mpana wa utafiti. Wanaoandika historia ya uwanja huo huanza mara nyingi na juti ya 1898.

PENGO LA HEWA

Jaribio lake la pili lenye uzito lilikuwa la mwaka 1897. Mwanga unaposafiri ndani ya kioo na kugonga ukingo wake kwa pembe ya kulala, hautoki nje bali hurudi wote ndani. Hiyo ndiyo kanuni inayozuia mwanga kutoroka katika nyaya za faiba.

Bose alichukua miche miwili ya pembetatu na kuiweka ikitazamana, kukiwa na pengo la hewa katikati. Pengo lilipokuwa pana, mawimbi yote yalirudi ndani ya mche wa kwanza. Alipolipunguza kidogo kidogo, sehemu ya mawimbi ilianza kulivuka na kuingia katika mche wa pili, na kadiri pengo lilivyopungua ndivyo kiasi kilichovuka kilivyoongezeka.

Jambo hilo lilikuwa limeonwa zamani katika mwanga wa kawaida, ila kwa mwanga pengo linalohitajika ni jembamba mno. Kwa mawimbi ya Bose, pengo lilipimika kwa rula. Alilitumia kama bomba lenye koki, akafungua na kufunga kiasi cha mawimbi apendavyo.

Yeye alikuwa akipima mawimbi, basi. Wazo kwamba mwanga pia ni chembe lilikuja baadaye, Max Planck alipolipa chimbuko mwaka 1900 na Albert Einstein akaliendeleza mwaka 1905. Chembe hizo zilianza kuitwa fotoni mwaka 1926. Kanuni sahihi ya kuzihesabu fotoni ilitolewa 1924 na Satyendra Nath Bose, ambaye hakuwa jamaa yake licha ya jina moja, bali mwanafunzi wake katika Chuo cha Presidency.

HATAZA ASIYOITAKA

Desemba 1901 ulikuwa mwezi wa mageuzi katika mawasiliano ya dunia. Desemba 12, Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyefanya kazi Uingereza, alitangaza kwamba alikuwa amepokea ishara ya redio iliyovuka Bahari ya Atlantiki. Mwezi huo huo reli iliyoanza Mombasa 1896, na iliyojengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo.

Ili kunasa ishara hiyo, Marconi alitumia kifaa chenye tone la zebaki. Bose alikuwa amekieleza kifaa cha zebaki na chuma cha aina hiyo katika makala ya Jumuiya ya Kifalme mwaka 1899. Hoja kwamba asili ya kifaa cha Marconi ni kazi ya Bose ilifufuliwa kwa nguvu 1998 katika jarida la wahandisi wa umeme, na wanahistoria bado wanaijadili.

Bose hakufungua kesi wala hakudai chochote. Mwaka 1901, akiwa London, tajiri mmoja wa kampuni ya simu za upepo alimwomba asifichue siri za vifaa vyake katika mhadhara, ili wazisajili kwa hataza na kugawana faida. Alikataa. Alishikilia kwamba elimu si mali ya mtu mmoja.

Ni marafiki zake, Sara Bull wa Marekani na Sister Nivedita, mzaliwa wa Ireland aliyehamia India, waliomshurutisha akubali kusajili angalau uvumbuzi mmoja. Ombi liliwasilishwa Marekani 1901, na hataza nambari 755,840 ikatolewa Machi 29, 1904. Ilihusu kifaa cha kunasa mawimbi kwa kutumia galena, madini yenye risasi na salfa. Leo kifaa hicho hutambuliwa kama cha kwanza cha semikondakta kupewa hataza duniani, jamii ile ile inayozaa chipu za simu na kompyuta. Bose aliiacha hataza hiyo ipitwe na wakati bila kuitumia.

Uamuzi huo umemletea sifa na lawama. Wanaomsifu huuona kama kilele cha uadilifu. Wanaomlaumu husema kwamba faida za hataza zingejenga karakana na kuajiri wanafunzi, na kwamba wenye kampuni za Ulaya hawakuwa na haya ya kuvuna shamba lisilo na mwenyewe.

KUTOKA METALI HADI KIFAUWONGO

Wakati mzozo wa redio ulipokuwa ukipamba moto, Bose mwenyewe alikuwa ameshaelekea kwingine. Aligundua kwamba vifaa vyake vya kunasa mawimbi vilichoka vilipotumiwa kwa muda mrefu, na vilipopumzishwa vikapata nguvu tena. Alijiuliza iwapo uko uhusiano kati ya uchovu wa metali na uchovu wa misuli. Mwaka 1900 aliwasilisha mawazo hayo katika kongamano la wanafizikia mjini Paris, na mwaka 1902 akayatolea kitabu.

Kutoka hapo aliingia katika mimea. Alichunguza kifauwongo, mmea ambao majani yake hujikunja yanapoguswa, akaonyesha kwamba ishara ya umeme husafiri ndani yake. Aliunda mtambo wa kupima ukuaji wa mmea uliokuza mwendo wake mara 10,000, kiasi kwamba mabadiliko ya sekunde chache yalionekana.

Wanabiolojia mashuhuri wa Uingereza walimpinga vikali. Jumuiya ya Kifalme ilisita kuchapisha makala yake kuhusu mimea, na ubishi ukaendelea kwa takriban miaka 20. Mwaka 1920 kamati ya wanasayansi ilikagua mtambo wake jijini London na kuthibitisha kwamba ulipima sawasawa. Mwaka huo huo alichaguliwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme. Sayansi ya leo inakubali kwamba mimea hupitisha ishara za umeme, lakini haikukubali kila alilosema, hasa mlinganisho wake wa metali na viumbe hai.

Mwaka 1915 alistaafu kutoka Presidency, na mwaka 1917 akapewa hadhi ya Sir. Novemba 30, 1917, siku ya kutimiza miaka 59, alizindua taasisi ya utafiti yenye jina lake mjini Calcutta, kwa masharti kwamba uvumbuzi wake uwe mali ya umma.

Hakuisahau shule ya Faridpur. Tangu 1896 alikuwa ameandika kwa Kibengali hadithi ya kubuni ya kisayansi, na mwaka 1921 alitoa mkusanyiko wa maandishi yake katika lugha hiyo, akikusudia wasomaji wa kawaida waipate sayansi bila mkalimani.

Sir Jagadish Chandra Bose alifariki Novemba 23, 1937, mjini Giridih, ikiwa imesalia wiki moja atimize miaka 79. Hakuacha mtoto.

FOTONI MOJA MOJA

Utafiti wa mawimbi ya milimita ulilala usingizi kwa karibu nusu karne baada ya Bose kuuacha. Uliamka kwa sababu ya rada za vita na mawasiliano ya baadaye. Miche yake miwili nayo ilisubiri hadi 1991.

Suala lililoiamsha lilikuwa hili: je, fotoni moja, ikitumwa peke yake, hufanya nini mbele ya pengo la Bose? Punje ya mahindi haiwezi kugawanyika ikapita milango miwili kwa pamoja. Wimbi la ziwani laweza. Mwaka 1986 Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect wa Ufaransa walionyesha kwamba fotoni moja ikifika kwenye kioo kinachogawa mwanga, hunaswa upande mmoja tu, kamwe si pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ni tabia ya punje.

Wanafizikia watatu wa India, Partha Ghose, Dipankar Home na Girish Agarwal, walipendekeza 1991 kwamba kioo hicho kibadilishwe na kuwekwa miche miwili ya Bose. Kuvuka pengo ambalo kwa sheria za punje halivukiki ni tabia ya wimbi. Iwapo fotoni moja moja zingevuka, na bado zinaswe upande mmoja tu, basi jaribio moja lingeonyesha tabia zote mbili.

Mwaka 1992 Yutaka Mizobuchi na Yoshiyuki Ohtake wa Japani walilifanya jaribio hilo kwa pengo jembamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Waliripoti kwamba matokeo yalikuwa kama yalivyotabiriwa. Baadhi ya wanafizikia walilalamika kwamba hesabu za fotoni hazikutosha kuondoa shaka, na mwaka 2004 watafiti wa Italia walilirudia swali hilo kwa kutumia fuwele inayopasua mwanga njia mbili. Fuwele za aina hiyo ndizo zilizokuwa mada ya makala ya kwanza ya Bose mwaka 1895.

Msokoto wa juti nao umepata wajukuu. Ndani ya chipu, wataalamu hutoboa safu za vitundu vidogo mno ili kuulazimisha mwanga ufuate kijia kimoja. Mwaka 2015 watafiti wa Copenhagen, Denmark, walionyesha kwamba kijia kikipangwa ili mwanga ndani yake uwe na msokoto, chanzo kinachotoa fotoni moja moja huweza kuzielekeza upande mmoja, kulia au kushoto, kulingana na hali ya chanzo chenyewe.

Faida inayotafutwa ni kubwa. Katika mawasiliano ya kawaida, kila mpigo wa mwanga katika waya wa faiba hubeba fotoni nyingi mno, na mdukuzi aweza kuchota chache bila kugunduliwa. Ujumbe uliobebwa na fotoni moja moja haugawanyiki. Anayeugusa huacha alama. Kwa taifa kama Kenya, ambako mwuza samaki wa Katito na mwenye duka wa Kisumu hulipana kwa simu, usalama wa ujumbe si jambo la maabara pekee.

Mwaka 2012 IEEE, shirika la kimataifa la wahandisi wa umeme, liliitambua rasmi kazi ya Bose ya mawimbi ya milimita kuwa hatua kuu katika historia ya uhandisi.

Kwa shule ambazo maabara yake ni kabati moja, kisa hiki hakithibitishi kwamba ufukara ni baraka ya sayansi. Wazo la kina liliweza kuanza na fungu la juti, kitabu cha treni na fundi wa mabati. Lakini kulikuza kulihitaji karakana, fedha, sheria za kulilinda na vijana wa kulirithi. Bose alikuwa na vile vya kwanza. Vile vya pili vilipatikana Ulaya, Marekani na Japani, na huko ndiko wazo lake lilikokwenda kukomaa.